Radi Iko Umbali Gani? Kani ya Umeme, Kanuni ya Coulomb na Milima ya Umatengo

Mvua za kwanza zinapoanza kupiga mabati ya Maguu, katika milima ya Umatengo mkoani Ruvuma, mwezi Novemba au Desemba, swali la zamani hurudi: radi ikiwa mbali, je, tuko salama? Majibu hayapatani. Mwanafunzi wa sekondari aliyekariri kanuni ya Coulomb atasema kani ya umeme hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo wingu lililoko ng'ambo ya bonde halimhusu. Mvuvi wa Liuli au Mbamba Bay, aliyezoea kuona anga la Ziwa Nyasa likiwaka usiku, atasema radi haijui mbali wala karibu. Ikikusudia kufika, inafika. Wengine hufunika vioo, huzima simu na kuvua nguo nyekundu, wakiamini vitu hivyo ndivyo vinavyoiita. Na wapo wanaosema radi hutumwa, hivyo kupima umbali ni kupoteza muda.

Mabishano haya yana gharama ya maisha. Tarehe 28 Juni 2011, radi iliua wanafunzi 18 katika Shule ya Msingi Runyanya, wilayani Kiryandongo, Uganda. Tarehe 2 Novemba 2024, watu 14 walikufa na 34 wakajeruhiwa walipokuwa wamekusanyika kwa ibada katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa nchi hiyohiyo. Ukanda wetu uko katikati ya jambo hili. Uchambuzi wa picha za setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, mashariki mwa Kongo, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi: miale takriban 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake.

Hapa tutayapima majibu hayo manne. Swali lililo chini yake ni la fizikia: kani kati ya chaji na chaji hubadilikaje umbali unapobadilika? Lakini katika milima ya Umatengo na mwambao wa Ziwa Nyasa, jibu la fizikia huamua mtu asimame wapi, darasa lijengwe vipi, na nani alaumiwe mtu anapokufa.

Mraba ulikotoka

Kiswahili kimetangulia hatua moja katika jambo hili. Neno umeme hutaja mwanga unaochana mawingu, na hutaja pia kile kinachowasha taa ya nyumbani. Wanasayansi wa Ulaya walihitaji majaribio ya karne ya 18 ili kuthibitisha kwamba ni kitu kimoja.

Benjamin Franklin wa Marekani aligundua jambo la ajabu: kipande cha kizibo kilichoning'inizwa ndani ya kopo la chuma lenye chaji hakivutwi upande wowote. Mwingereza Joseph Priestley, mwaka 1767, aliona maana yake. Ilikwisha kujulikana katika hesabu za Newton kwamba ndani ya gamba la tufe mvutano hufutika kabisa kani inapopungua kwa mraba wa umbali. Kwa hiyo, Priestley alisema, huenda umeme nao hufuata mraba. John Robison alipima jambo hilo Edinburgh mwaka 1769 akakaribia jibu. Henry Cavendish alilipima kwa umakini mkubwa zaidi katika miaka ya 1770, lakini hakulichapisha; kumbukumbu zake zilitolewa hadharani na James Clerk Maxwell mwaka 1879.

Heshima ilimwendea Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi wa jeshi la Ufaransa, kwa kipimo chake cha mwaka 1785. Alining'iniza kijiti kwa uzi mwembamba wa fedha, akaweka kitufe chenye chaji kwenye ncha yake, kisha akakisogezea kitufe kingine chenye chaji ya aina ileile. Vitufe vilisukumana, uzi ukajisokota, na kiasi cha msokoto kikawa kipimo cha kani. Vilipotengana kwa pembe ya nyuzi 36, msokoto ulikuwa 36. Alipovilazimisha kukaribiana hadi nyuzi 18, msokoto ulipanda hadi 144. Kwa nyuzi 8 na nusu ulifika 575.5. Umbali ukiwa nusu, kani inakuwa mara nne. Ukiwa robo, inakuwa karibu mara 16.

Sababu ya mraba inaweza kuonekana kwa koroboi. Mwanga wake hausambai kwa upande mmoja. Hujaza tufe linalozidi kutanuka. Ukienda mbali mara mbili, mwanga uleule umetandazwa juu ya eneo kubwa mara nne, na jicho lako linapata robo. Chaji ya nukta hutandaza athari yake vivyo hivyo. Ule mraba hautokani na umeme peke yake, unatokana pia na nafasi tunamoishi, yenye urefu, upana na kina.

Jibu la kwanza: mraba unatosha

Nguvu ya jibu la mwanafunzi ni kwamba kanuni yake haijawahi kukanushwa. Mwaka 1971, watafiti Williams, Faller na Hill walirudia wazo la Cavendish kwa vyombo vya kisasa, wakakuta kwamba kama kipeo cha 2 kina kasoro yoyote, kasoro hiyo haionekani mpaka kwenye tarakimu ya 16 baada ya nukta. Ni kanuni chache mno za maumbile zilizopimwa kwa kiwango hicho. Inafanya kazi kati ya elektroni na kiini cha atomu, na inafanya kazi kati ya wingu na mlima.

Udhaifu wake uko katika neno moja ambalo wanafunzi wengi hulipita haraka: nukta. Coulomb alizungumzia chaji mbili ambazo ukubwa wake ni mdogo sana ukilinganishwa na umbali ulio kati yao. Wingu la radi si nukta kwa mtu aliye chini yake. Lina upana wa kilomita kadhaa, chaji hasi nyingi katikati na chaji chanya juu, na ardhi iliyo chini nayo hujibu kwa kukusanya chaji ya aina iliyo kinyume. Anayechukua umbali mmoja, akaupiga mraba na kutangaza usalama, ametumia kanuni sahihi mahali pasipo pake.

Kuna udhaifu wa pili. Kanuni hii hutoa ukubwa wa kani, wala haisemi hewa itaanza lini kupitisha umeme, au njia ya radi itapinda wapi. Kanuni ya mvutano wa dunia nayo haisemi jiwe litakatika lini mlimani, ingawa inaeleza vizuri litakavyoanguka.

Jibu la pili: umbali hauna maana

Mvuvi naye ana hoja, na hesabu inamuunga mkono kwa kiasi fulani. Tukizijumlisha chaji nyingi zilizopangwa kwa maumbo mbalimbali, tukitumia kanuni ileile ya Coulomb kwa kila jozi, tunapata tabia tofauti kabisa.

Waya mrefu ulionyooka wenye chaji: ukienda mbali mara mbili, athari yake hupungua kwa nusu tu. Tandiko pana lenye chaji: ukisogea mbali kidogo, athari yake karibu haipungui hata kidogo, mradi umbali wako ni mdogo ukilinganishwa na upana wa tandiko. Kinyume chake, jozi ya chaji hasi na chanya zilizokaribiana hufutana, na athari yake hushuka kwa mchemraba: umbali mara mbili, athari sehemu moja ya nane.

Jaribio la kitana na vipande vya karatasi, ambalo walimu wengi huanzia katika umeme tuli, hushuka kwa kasi kubwa zaidi. Karatasi haina chaji ya ziada. Kitana huzisogeza chaji zilizomo ndani yake, kisha huvuta upande ulio karibu kwa nguvu iliyozidi kidogo ile kinayosukumia upande wa pili. Kani inayobaki hupungua kwa kipeo cha tano: umbali ukiongezeka mara mbili, kani inabaki sehemu moja ya 32. Ndiyo maana karatasi hutulia, hutulia, kisha hurukia kitana ghafla. Mwanafunzi aliyeambiwa ni mraba, na macho yake yakaona kitu kikali kuliko mraba, ana haki ya kuchanganyikiwa. Kanuni iko palepale. Kilichobadilika ni mpangilio wa chaji.

Mkanganyiko huohuo umezifuata nyaya. Tangu laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilipoanza kupeleka umeme wa gridi ya Taifa mkoani Ruvuma mwaka 2018, na miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini ikaendelea kusogeza nguzo hadi vijijini, baadhi ya watu huhofia kwamba waya ulio juu huweza kumvuta mtu aliye chini. Waya mmoja wenye chaji ungepungua nguvu polepole, kwa nusu kwa kila umbali mara mbili, lakini nyaya tatu za laini moja hupokezana chanya na hasi kwa namna ambayo zikitazamwa kwa mbali karibu zinafutana. Hatari halisi ya waya ni kuugusa, kuukaribia ukiwa na fimbo ya chuma, au kuukanyagia karibu ulipoanguka.

Kwa hiyo jibu la pili lina ukweli: mtu aliye chini ya wingu pana hapati nafuu kubwa kwa kuhama mita 200. Tena kuna radi zinazotoka ubavuni mwa wingu na kupiga ardhi zaidi ya kilomita 10 kutoka mvua inakonyesha, mahali ambapo anga ni jeupe. Udhaifu wake ni kwamba limekata tamaa mapema. Likisema umbali wowote ni sawa, halimwachii mtu la kufanya, ilhali hesabu inaonyesha wazi umbali upi una maana na upi hauna.

Jibu la tatu: kuna vitu vinavyovuta

Imani ya kwamba baadhi ya vitu huita radi ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni muhimu. Juu ya kitu kirefu chenye ncha, chaji hujikusanya kileleni, na pale juu uga wa umeme, yaani kani kwa kila kipimo kimoja cha chaji, huwa mkali mara nyingi kuliko ulivyo kwenye uwanja tambarare. Mkaratusi mrefu ulio peke yake kwenye mgongo wa mlima, mnara wa simu, mnara wa kanisa, mtu aliyesimama wima ndani ya mtumbwi: vyote hivyo huipa radi mahali pa kuishia.

Nusu nyingine haina msingi. Kioo cha ukutani hakina urefu wala ncha ya kukusanya chaji yoyote ya maana. Rangi ya shati haibadilishi kani hata kidogo, kwa kuwa rangi ni habari ya mwanga. Simu ya mkononi haiiti radi. Simu iliyochomekwa kwenye chaja ukutani ni jambo jingine: hatari inapita katika nyaya za nyumba, na simu ni mwisho wa njia hiyo tu.

Bei ya imani hii ni kwamba inapotosha tahadhari. Familia iliyofunika kila kioo inaweza kujiona imemaliza kazi, huku ikiwa imeegemea ukuta wa banda lililo chini ya mti mrefu.

Jibu la nne: radi hutumwa

Jibu hili halistahili kupuuzwa, kwa sababu linajibu swali ambalo fizikia ya darasani hulikwepa. Watu watano wako shambani, mmoja anakufa. Kwa nini yeye? Kumwambia mfiwa kwamba kani hupungua kwa mraba wa umbali ni kumjibu swali asilouliza.

Hata hivyo, udhaifu wake ni mkubwa kuliko wa majibu mengine yote. Halizuii kifo kinachofuata, maana halibadilishi mahali watu wanaposimama. Tena linaongeza msiba juu ya msiba: jirani, mara nyingi mzee asiye na wa kumtetea, hubebeshwa lawama ya jambo lililoamuliwa angani kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kama fizikia inaweza kueleza ni lini na wapi mahali pa kupigwa huamuliwa, inadaiwa maelezo hayo na wafiwa. Na inaweza, kama tutakavyoona.

Umbali wa kwanza: kilomita

Tuanze na wingu. Katika nchi za joto, chaji hasi ya wingu la radi hukaa mahali penye baridi kali, yapata kilomita 7 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko takriban mita 475 juu ya bahari. Migongo ya juu ya Umatengo hufika karibu mita 1,900 hadi 2,000. Kwa hiyo wingu lilelile lina kilomita 6.5 mpaka ziwani, lakini kilomita 5.1 tu mpaka mgongoni mwa mlima.

Tuseme lina chaji ya coulomb 40, kiasi cha kawaida kwa wingu la aina hiyo, na tuichukulie kama nukta kwa ajili ya makadirio. Ukihesabu pamoja na jibu la ardhi, uga chini yake ziwani ni kama volti 17,000 kwa kila mita. Mlimani ni kama volti 27,700. Hiyo ni tofauti ya mara 1.6, imetokana na mraba wa umbali peke yake, kabla hatujaongeza athari ya kilele chenyewe. Upepo wa mchana unaotoka ziwani na kupanda miteremko nao husaidia kujenga mawingu juu ya milima hiyo. Jiografia imewapa watu wa Maguu na vijiji jirani mvua ya kahawa na mahindi, na imewasogeza karibu na chaji.

Sasa tuondoke chini ya wingu. Hapa ardhi hutusaidia: chaji inayojikusanya chini hufanya kama pacha wa wingu mwenye alama kinyume, na wawili hao wakitazamwa kwa mbali hufutana. Wingu lililo kilomita 6 juu litatoa takriban volti 20,000 kwa mita papo chini yake. Kilomita 12 pembeni, zimebaki kama 1,800. Kilomita 24, zimebaki chini ya 300, na uga wa siku tulivu isiyo na wingu ni kama volti 100 kwa mita. Mshuko huu unakaribia mchemraba, ni mkali kuliko mraba wa mwanafunzi, na unakataa kabisa usawa wa mvuvi. Mawingu halisi yana chaji za tabaka kadhaa, kwa hiyo tarakimu zitapanda na kushuka, lakini sura ya jumla ndiyo hiyo.

Kwa kipimo hiki cha kilomita hutumika kanuni ya sekunde 30. Sauti husafiri kilomita 1 kwa karibu sekunde 3. Ukiona mwako, ukahesabu, na ngurumo ikafika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na inayofuata inaweza kuwa yako. Kisha subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho kabla ya kurudi shambani.

Umbali wa pili: makumi ya mita

Kuna fumbo katika tarakimu za juu. Hewa kavu ya usawa wa bahari huhitaji karibu volti milioni 3 kwa mita ili ipasuke na kupitisha umeme. Chini ya wingu tumepata elfu 20 tu, pungufu mara 150. Radi hufikaje basi?

Hufika kwa kubeba chaji yake. Ndani ya wingu, pale uga ulipo mkali zaidi, njia ya hewa iliyopashwa moto huanza kuteremka kwa mikupuo ya takriban mita 50, ikigawanyika matawi. Ncha yake ni nyembamba, ina chaji, na inashuka nayo. Umbali ambao kanuni ya Coulomb inauhesabu si tena kilomita 5 hadi wingu, bali umbali hadi ncha hiyo, na unapungua kila mkupuo. Kani inayoonekana ndogo kwa kilomita inakuwa kubwa mno kwa mita.

Jambo la maana zaidi ni hili: kwa sehemu kubwa ya safari yake, ncha hiyo haina habari na kilicho chini. Mti, mtu au nyumba haviathiri mwelekeo wake mpaka ifike makumi ya mita tu. Wahandisi wa kinga ya radi hukadiria umbali huo kuwa kama mita 45 kwa radi ya ampea 10,000, na mita 90 kwa radi ya ampea 30,000. Hapo ndipo vitu virefu hurusha cheche za kwenda juu, na cheche ya kwanza kukutana na ncha hufunga njia.

Hili ndilo jibu tunalodaiwa na wafiwa. Kwa nini yeye? Kwa sababu tawi moja kati ya mengi liliteremka juu ya mteremko ule, na katika mita 50 au 90 za mwisho likakutana na kitu kirefu kilichokuwa karibu naye. Hakuna mkono wa jirani unaoingia hapo. Na hapo ndipo jibu la tatu linapopata haki yake: urefu una maana, lakini ndani ya makumi ya mita tu. Mnara ulio kilomita mbili kutoka kwako haukuletei radi, wala haukukingi.

Umbali wa tatu: hatua moja

Watafiti wa majeraha ya radi hukadiria kwamba kupigwa moja kwa moja ni asilimia 3 hadi 5 tu ya maafa, huku takriban nusu ikitokana na umeme unaosambaa ardhini. Mraba wa Coulomb unarudi hapo kwa mlango wa nyuma. Umeme uliopiga mti huingia udongoni na kutanuka kwa nusu tufe, kama mwanga wa koroboi unavyotanuka hewani, na ukali wake hupungua kwa mraba wa umbali kutoka shinani.

Chukua radi ya ampea 30,000 na udongo mfinyanzi uliolowa. Mtu aliye mita 10 kutoka shina, akiwa amepiga hatua ya mita 1 kuuelekea mti, ana tofauti ya takriban volti 4,300 kati ya mguu na mguu. Kwa mita 20, inashuka hadi 1,100. Kwa mita 50, haifiki 200. Ng'ombe aliye mita 10, ambaye miguu ya mbele na ya nyuma imetengana kwa mita 1.5, anapata zaidi ya 6,000, na njia ya umeme inapita moyoni. Ndiyo sababu kundi zima la mifugo hufa chini ya mti mmoja, na mchungaji akapona. Udongo ukiwa wa mawe, kama ulivyo kwenye migongo mingi ya milima, unaweza kuwa mgumu kupitisha umeme mara 10 zaidi, na volti hizo zikapanda kwa kiasi hichohicho.

Kwa kipimo hiki, mwanafunzi alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Umbali huokoa, na huokoa kwa mraba. Alikosea tu mahali pa kuanzia kupima: alipima kutoka wingu, badala ya kupima kutoka mti.

Gharama ya kila chaguo

Kujua hayo hakuondoi ugumu wa kuchagua. Mashimo ya ngolo, kilimo kilichoihifadhi miteremko ya Umatengo kwa vizazi, huchimbwa mwezi Machi, mvua zikiwa bado zinaendelea. Mwanamke aliye na jembe katikati ya mteremko ulio wazi hawezi kusimamisha kazi kila wingu linapojitokeza, msimu haumngoji. Kanuni ya sekunde 30 inampotezea saa nyingi ambazo radi haitapiga. Lakini ndiyo kanuni ya bei nafuu kuliko zote, na kosa lake liko upande wa uhai. Akibanwa na mvua asipate pa kukimbilia, aondoke mgongoni mwa mlima, akae mbali na mti, achuchumae miguu ikiwa pamoja. Hilo halimfanyi awe salama; linaondoa ile hatua kati ya mguu na mguu.

Mvuvi ana chaguo gumu zaidi, kwa kuwa yeye ndiye kilele cha uwanja wote wa maji. Uamuzi wake hufanyika ufukweni, kabla ya kuingiza mtumbwi majini. Hapo tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania zina thamani kuliko ujuzi wowote wa kupiga kasia.

Shule zina mzigo wa pekee. Paa la bati peke yake si kinga: umeme ukifika juu ya bati usipate njia ya chuma ya kushukia, hutafuta njia nyingine, na njia hiyo inaweza kuwa watoto walio chini. Mfumo kamili una fimbo juu, nyaya za kushukia zaidi ya moja, na mkuki au mkanda uliofukiwa ardhini. Ardhi ya mawe huongeza gharama, maana mkanda lazima uwe mrefu zaidi. Fimbo bila njia nzuri ya ardhini ni mwaliko usio na mlango wa kutokea. Nchini Uganda, mtandao wa ACLENet umefunga mifumo kamili shuleni, Runyanya ikiwa miongoni mwa za mwanzo. Pasipo na fedha ya kufanya hivyo, shule inaweza angalau kutopanda mikaratusi karibu na ukuta. Kivuli na kinga ya upepo ni faida halisi, lakini mti uleule ukisogezwa mita 30 hutoa sehemu kubwa ya faida hizo, na mraba wa umbali unalilinda darasa.

Upo pia mzigo wa lugha. Mtoto husoma sayansi ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari anaikuta kanuni ya Coulomb kwa Kiingereza, ikiwa imekwisha kuvuliwa wingu, mlima na ng'ombe. Anaikariri kwa ajili ya mtihani, na nyumbani anaendelea kufunika kioo. Kanuni haikumfikia pale anapoihitaji.

Muhtasari

Kani kati ya chaji mbili za nukta hupungua kwa mraba wa umbali, na vipimo makini vimelithibitisha jambo hilo. Maumbo ya chaji hubadilisha matokeo: tandiko karibu halipungui, waya hupungua kwa nusu, jozi hupungua kwa mchemraba, kitana na karatasi kwa kipeo cha tano. Yote ni matunda ya kanuni moja.

Katika majibu manne tuliyoyapima, la kwanza lina kanuni sahihi na kipimo kibaya. La pili limeona kweli kwamba wingu ni pana na radi hufika mbali, likashindwa kuona kwamba nje ya wingu athari hushuka kwa kasi. La tatu ni kweli kwa urefu na ncha, si kweli kwa kioo, rangi na simu. La nne linauliza swali la haki na kulijibu kwa kumuumiza asiye na hatia.

Uzito ukiwekwa mizanini, umbali ni wa aina tatu. Kilomita hadi wingu hutuambia ni wakati gani wa kuondoka shambani. Makumi ya mita kutoka ncha ya radi huamua nini kitapigwa. Hatua moja ya mguu huamua nani ataamka. Anayeuliza radi iko umbali gani ameuliza theluthi ya swali. Theluthi mbili zilizobaki ni mti ulio karibu naye, na nafasi iliyo kati ya miguu yake.